Majarida Yanayosubiri Sindano

Nyinyi mnaoingia maktabani na kwenda moja kwa moja kwenye soketi ya kuchaji simu, nisikilizeni kidogo. Siwasemi vibaya. Ningekuwa na umri wenu ningeikimbilia soketi hiyohiyo, tena ningewasukuma. Nataka tu mjue kwamba hizo makala mnazozivuta kwa kidole kwenye kioo, kuna watu waliwahi kuzishona. Kwa sindano na uzi, kama gauni. Mimi ni mmojawapo. Nimestaafu juzijuzi, na kidole changu cha kati bado kina sugu ya sindano. Wenzangu wanatundika vyeti ukutani. Mimi nikipata mgeni namnyooshea kidole.

Kazi hii nilijifunzia Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mhudumu wa maktaba kwenye chuo kimoja huku nyumbani, elimu yangu darasa la saba na madrasa ya Ngamiani, Tanga, basi. Ikaja nafasi ya mtu mmoja kwenda China kujifunza kujalidi vitabu. Wakubwa waliposikia "China" walikaa sawasawa kwenye viti. Waliposikia ni kujalidi, si shahada, kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Nikanyoosha mkono mimi.

Msimamizi wangu akaniuliza, "Zuhura, wewe unajua hata China iko upande gani?"

Nikamjibu, "Rubani si anajua?"

Ndivyo nilivyokuwa. Kichwani mwangu nilishajiona narudi nyumbani na kushona kila kitabu kilichochanika nchini, migongo yote inang'aa maandishi ya dhahabu, watu wanapita kwenye rafu wanavaa miwani ya jua. Msicheke. Mtu asiyeota ndoto hawezi kukaa mwaka mzima anatoboa karatasi.

Chumba cha kujalidi kilikuwa nyuma ya maktaba ya chuo kikuu, chini kabisa, dirisha linatazama mahali pa kuegesha baiskeli. Mwenye chumba ni Shifu Luo. Shifu ndivyo wanavyomwita kule mtu yeyote mwenye ujuzi mikononi, awe dereva, mpishi au fundi bomba. Lakini walipomwita yeye, sauti zilishuka kidogo, kama mtu anavyosema "maalim" mbele ya mlango wa msikiti. Alikuwa mfupi, mkavu, amevaa mikono ya ziada ya kitambaa cheusi juu ya ile ya shati ili isichafuke gundi. Aliniita Xiao Zu, yaani Zu mdogo. Kichina changu kilikuwa cha sokoni na chake kilikuwa cha watu wa kusini, kwa hiyo tulielewana zaidi kwa vidole.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana wengine hamjaiona. Jarida la utafiti lilikuwa linakuja toleo kwa toleo, jembamba kama daftari la watoto. Mwaka ukiisha, matoleo yote ya jarida moja yanatolewa kwenye rafu, yanafungwa kamba, yanaletwa kwetu. Tunatoa pini, tunapanga, tunatoboa, tunashona, tunapaka gundi, tunabana kwenye jiliwa la mbao, tunavalisha jalada gumu, tunaandika jina mgongoni. Mwaka mzima wa akili za watu unakuwa kitabu kimoja chenye uzito wa tofali. Hapo ndipo kinarudi rafuni na wasomaji wanaruhusiwa kukigusa.

Uzi unapitishwa kwenye nta ya nyuki mpaka uteleze kama tambi. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa taratibu, ukitiwa shabu ili wadudu wasiione kuwa uji. Karatasi nayo, kabla hujaikunja, ikunje kidogo upande huu na upande ule. Upande unaokubali bila kugomba ndio upande wa nyuzi zake. Ukilazimisha ule mwingine, kitabu kitakuwa kinajifunga chenyewe usoni mwa msomaji kama mlango wa mwenye kiburi. Shifu hakuyasema haya. Alinipa karatasi, akaniachia ninune nayo siku nzima.

Siku za kwanza nilimshangaza. Alinipa vitabu vya kale vya Kichina, vile vya kushonwa kwa uzi wa nje, vinavyofunguka kutoka kulia. Mimi nimekulia kwenye juzuu za madrasa! Kufungua kulia kwangu ni kama kula kwa mkono wa kulia. Nikavishika, nikavipanga, nikavishona, Shifu anatazama mdomo wazi. Wanafunzi wake wa Kichina huwa wanakosea upande, maana wao wamezoea vitabu vya siku hizi. Nikavimba kichwa. Nikajisemea, kumbe vitabu vya Wachina ni kama vyetu, kazi imekwisha.

Basi akaniachia kitita cha majarida mapya ya kemia, akaenda mkutanoni. Nikayashona yote yafunguke kutoka kulia. Safi kabisa, mgongo umenyooka kama rula. Kumbe majarida ya sasa ya Kichina yanafunguka kushoto, kama ya Kizungu. Nilikuwa nimekifanya kile kitabu kianzie kwenye hitimisho.

Shifu alikifungua. Akakifunga. Akakigeuza. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, akawaita wa chumba cha jirani waje waone. "Profesa wa kemia atajua majibu kwanza," akasema, "maswali atakutana nayo baadaye." Tulikifumua pamoja uzi kwa uzi, na tangu siku ile kila nikimaliza kitabu alikuwa anakifungua kwanza kulia, ananitazama kwa jicho moja, ndipo anakifungua kushoto.

Halafu kulikuwa na ule msimu wa kuta kutoka jasho. Mwisho wa baridi, hewa ya joto inaingia mjini ghafla, na kila kitu kinalowa: ngazi, vioo, sakafu kama imepigwa deki. Sisi watu wa pwani tukiona unyevu tunafanya nini? Tunafungua madirisha upepo upite. Nikafungua yote, nikajipongeza. Shifu aliporudi alipiga ukelele, akakimbia dirisha hadi dirisha kama anayefukuza kuku. Maji yalikuwa kwenye ile hewa ya nje! Mimi nilikuwa nimeyakaribisha ndani na kuyapa kiti. Kwake, msimu ule unafunga kila tundu, na karatasi unazilaza kabatini pamoja na balbu inayowaka. Nikajifunza kwamba akili ya nyumbani ni nzuri, ila uiulize kwanza imefika mji gani.

Jumapili nilikwenda Shahe, kwenye masoko ya nguo za jumla, kumwona Kaka Mbwana. Huyu alikuwa mtu wa Tanga mwenzangu, ananunua suruali na fulana za kupeleka Kariakoo. Alikuwa ananilisha wali na ananicheka kwa pamoja.

"Watu wanakuja China kuchukua mzigo, wewe umekuja kushona magazeti!"

"Majarida, Kaka Mbwana. Ya utafiti."

"Yanavaliwa?"

Lakini ni yeye aliyenifundisha jambo ambalo Shifu asingeweza. Ukiwa dukani Shahe ukauliza saizi fulani, laoban, mwenye duka, anakujibu "meiyou" bila hata kugeuza shingo. Maana yake hakuna. Wageni wanaondoka. Mbwana alikuwa haondoki. Anavuta kibao, anakaa, anaomba maji ya moto, anauliza habari za watoto. "Meiyou ya kwanza ni uvivu wa kupanda ngazi ya stoo," alinieleza. "Ya pili ni mazoea. Ukishinda ya tatu, mzigo unashuka. Wewe kaa tu, dada'ngu. Usibishane. Kaa."

Nikaiweka akilini bila kujua nitaitumia wapi.

Pale chuoni palikuwa na Mtanzania mmoja anayesomea udaktari wa falsafa katika kilimo, Kaka Festo, mtu wa Bukoba. Utafiti wake ulikuwa wa mnyauko wa migomba, ule ugonjwa unaopitia kwenye udongo na kuua mgomba kutokea ndani. Nilimtania sana. Nilimwambia Mhaya kwenda hadi China kusomea ndizi ni sawa na Mdigo kwenda Ulaya kusomea nazi. Alicheka, lakini alikuwa na sababu. Shamba la baba yake lilikuwa linanyauka safu kwa safu, na mzee alikuwa anamwandikia kila mara mgomba upi umelala.

Jumamosi moja tukiwa tunapika kwenye bweni la wageni, akaja ana uso wa mtu aliyepotelewa na begi uwanja wa ndege.

"Wamesema meiyou," akasema.

"Nini hakuna?"

"Jarida. Dada Zuhura, nimekwenda dirishani asubuhi, nimekwenda jioni. Nimejaza kikaratasi cha maombi, kinarudi. Leo nimebadilisha hata shati, nikadhani labda hawapendi lile la maua."

Siku hizo, wanangu, msomaji haingii kwenye rafu. Anaandika kikaratasi, anakipitisha dirishani, anasubiri kitabu au neno. Festo alikuwa anapata neno tu.

Akanieleza. Sura ya nne ya tasnifu yake ilihusu wakulima wa mkoa ule waliokuwa wanapumzisha mashamba yenye ugonjwa kwa kupanda mboga jamii ya vitunguu kabla ya kurudisha migomba. Kulikuwa na makala juu ya jambo hilohilo kwenye jarida moja la miti ya matunda, la mwaka uliopita. Profesa wake alimwambia waziwazi: sura hii imesimama juu ya makala usiyoisoma, uliyoiona imetajwa tu kwenye kazi za watu. Iisome, au uing'oe sura. Na sura ile ikitoka, tasnifu haipo, maana zile nyingine zote zilikuwa zinaielekea hiyo. Ufadhili wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka wa masomo na hauongezwi. Angerudi Bukoba mikono mitupu, kwa baba anayehesabu migomba iliyolala.

"Jarida lenyewe linaitwaje?" nikamuuliza.

Aliponitajia, mwiko ulinitoka. Nalijua! Kila asubuhi nilikuwa naweka chupa yangu ya chai juu yake.

Kitita kile kilikuwa chumbani kwetu kwa muda mrefu, na hakishonwi, kwa sababu kilikosa toleo moja. Lilipotelea posta au lilipotelea wapi, hakuna anayejua. Na mjalidi wa kweli hashoni mwaka wenye pengo. Anasubiri. Sasa jarida likiwa linasubiri, rafuni halipo, dirishani ni meiyou. Kwa msomaji ni kama halikuwahi kuandikwa, kumbe lipo hatua chache nyuma ya ukuta, limebeba chai ya Zuhura.

Jumatatu nikamwomba Shifu amruhusu Festo alisome. Akasema hapana. Wasomaji hawaingii chumba cha kujalidi, na kitita hakitoki.

Nikavuta kibao nikakaa mbele yake. Nikajimiminia maji ya moto.

"Huna kazi?" akaniuliza.

"Ninayo. Nitaifanya nimekaa hapa."

Nikapitisha uzi kwenye nta palepale miguuni kwake, namuuliza habari za mjukuu. Akasema hapana ya pili, akaongeza sababu: zamani aliwahi kumruhusu msomaji mmoja, naye akakata ukurasa kwa wembe. "Kitabu kilichoshonwa, ukikitoa ukurasa, mgongo unalegea, unakwambia. Matoleo yaliyofumuliwa hayasemi. Nilikuja kugundua nimekwisha kushona. Kile kitabu kipo juu, ghorofa ya tatu. Nikipita pale natazama upande mwingine."

Nikajua si uvivu wala mazoea. Yule mzee alikuwa na kidonda. Nikataka kunyanyuka niache, lakini nikamkumbuka Festo na shati lake la maua.

"Huyu atasoma hapa, mbele ya macho yako," nikasema. "Baba yake ana shamba. Migomba inakufa."

Akaendelea kupaka gundi. Saa ya kulala mchana ikafika, maana kule maktaba nzima ilikuwa inafungwa mchana watu walale, na usithubutu kumwamsha mtu. Shifu akatandika mkeka wake juu ya meza ya kazi, akavua viatu, akalala anatazama ukuta.

"Mimi nikilala," akauambia ukuta, "sijui nani anaingia."

Nilikimbia mpaka bwenini kandambili moja ikabaki njiani.

Festo alinawa mikono mara mbili. Nikamfungulia kitita kwenye kona ya meza, yeye na kamusi yake nene, mimi nimesimama mgongoni kwake kama askari. Kimya. Shifu anapumua. Festo akageuza ukurasa, ukatoa sauti, kraa!

"Polepole," ukuta ukasema. "Geuza kutokea pembe ya juu."

Festo nusura aanguke kibaoni.

Alikuja mchana ule, na mwingine, na mwingine. Alisoma kwa midomo, kama mtoto wa madrasa. Nilikuwa nauona uso wake ukifunguka jinsi ule udongo ulivyoelezwa, mashamba yalivyoelezwa. Mpaka alipofika ukingoni mwa ukurasa wa mwisho akaganda.

"Nini?"

Akaniwekea kidole kwenye mstari wa chini. Herufi zile hata mimi nilizijua, maana majarida yaliziandika mara nyingi: itaendelea toleo lijalo.

Nikapekua kitita. Toleo lijalo ndilo lile lililopotea. Lilelile lililofanya jarida lisishonwe, na kutoshonwa kukafanya liitwe meiyou. Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka nikiwa nimeshika mdomo, halafu nikagundua nalia. Festo hakulia. Alifunga kamusi yake taratibu, akaikumbatia kifuani.

Shifu akaketi. Akavaa viatu vyake, akafunga kamba vizuri, akasema, "Twende juu."

Juu maana yake kwa Mkuu Deng. Huyu mama ndiye alikuwa mkuu wa maktaba, mwepesi, anatembea kama anafukuzwa na mvua, na ndiye aliyeleta kompyuta. Shifu alikuwa anaziita televisheni zisizo na mchezo, na tangu ziletwe hakuwahi kukanyaga ghorofa ya ofisi yake. Siku ile alipanda. Akasimama mbele ya meza ya Mkuu na mikono yake ya kitambaa cheusi, akaeleza kila kitu, hata usingizi wake.

Mkuu Deng hakuuliza habari za kanuni. Aliuliza, "Vile vitita vyote chumbani kwako, dirishani wanawajibuje wasomaji?"

"Meiyou."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vishonwe."

Akageukia kompyuta yake, akaangalia, akarudi. "Na mimi mashine yangu nimeifundisha kujibu hivyohivyo," akasema, kama mtu aliyekuta mende kwenye sukari aliyoinunua mwenyewe.

Akaiunganisha kompyuta na simu. Mlio wake mnaujua? Hamuujui. Ni kama mbuzi ananyolewa na asiyejua kunyoa. Akaanza kuuliza orodha za maktaba nyingine, moja baada ya nyingine. Chuo hiki, hamna. Kile, hamna. Mashine inasubiri, sisi tunasubiri, Shifu anaitazama kwa hasira kama laoban wa Shahe. Halafu mstari ukatokea: chuo kimoja cha kilimo mkoa wa jirani wanalo, mwaka mzima, pamoja na toleo letu.

Festo akashika ukingo wa meza. Mkuu Deng akapiga simu. Akazungumza, akasikiliza, uso ukashuka. Akaziba simu kwa mkono.

"Wanasema liko kwenye kujalidiwa. Halipatikani mpaka mwakani."

Wanangu, kama mlishawahi kuona watu wanne wakitazamana bila kujua wacheke au walie, ndiyo siku ile.

Shifu akanyoosha mkono. "Nipe. Mwambie amwite shifu wao."

Ikachukua muda, maana yule mtu ilibidi akaitwe kutoka chumba cha chini kama sisi. Alipofika, Shifu hakuanza na Festo wala na migomba. Alianza na uzi. Walitumia uzi gani? Nta yao ya wapi? Msimu wa jasho unawasumbuaje huko? Mkuu Deng anatazama saa, mimi namfinya Festo atulie. Hatimaye Shifu akauliza, "Hilo la miti ya matunda, umeshalitia uzi?"

Bado.

"Vizuri. Usilitie. Likiwa limefumuliwa linalala bapa kwenye kioo cha fotokopi, herufi za ndani zinatoka zote, halina kile kivuli cheusi cha katikati. Likishonwa utapata nusu mistari. Nitolee nakala ya toleo moja."

Tukasikia yule wa upande wa pili anaeleza kwa sauti, anaeleza, bila shaka kuhusu kanuni za chumba chake.

Shifu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Kwani wewe mchana hulali?"

Simu ikacheka. Nakwambieni, simu ilicheka mpaka Mkuu Deng akaisogeza mbali na sikio la Shifu.

Bahasha ilikuja kwa posta kabla msimu wa jasho haujaisha. Shifu hakumruhusu Festo aifungue mpaka ikae kabatini na balbu kwanza, ikauke. Tulikaa tunaitazama kabati kama watu wanaosubiri keki. Kurasa zilitoka safi, hakuna kivuli, hata herufi zilizojificha katikati zilisomeka. Festo alisoma palepale, hakuenda kwenye kona. Alikaa katikati ya meza ya Shifu, mchana kweupe, Shifu akiwa macho.

Sura ya nne ilibaki. Haikubaki vilevile, aliandika upya karibu nusu, maana ile sehemu ya pili ya makala ilikuwa na mambo ambayo yangemwaibisha kama angeyakisia. Siku ya kujieleza mbele ya maprofesa niliketi nje mlangoni na chupa yangu ya chai. Akatoka. Alinipita, akarudi, akaniamkia shikamoo, mimi niliyekuwa mdogo kwake! Ndipo nikajua amepita.

Mkuu Deng naye aliteremka chumbani kwetu, akapima kwa macho, akaleta meza ndefu. Ikawekwa kwenye ukumbi, karibu na dirisha la maombi, na vitita vyote vinavyosubiri sindano vikawekwa juu yake, mtu yeyote akae asome. Mimi nikawa msimamizi wa meza ile. Beseni la maji, sabuni, taulo. Nilikuwa naifahamu sauti ya kila karatasi, akigeuza mtu vibaya nikiwa nimempa mgongo nasema tu, "Pembe ya juu." Waliniogopa! Niliona fahari ambayo siwezi kuwaeleza. Kwa mara ya kwanza maktaba ile ilikuwa inatoa kitu kabla haijakimaliza, na aliyekuwa anakitoa ni binti wa Ngamiani.

Niliporudi nyumbani, sindano zangu, nta na jiliwa dogo nililochongewa na Shifu vilisafiri kutoka bandari ya Huangpu ndani ya mzigo wa Kaka Mbwana, katikati ya suruali. "Ushuru wa hivi vitu vyako utaandikwa nini?" alilalamika. "Vyombo vya kutesea vitabu?" Nikaenda kwa mkuu wetu kuomba meza ndefu. Akasema hakuna. Nikavuta kiti nikakaa.

Ndiyo hiyo meza mnayochajia simu, karibu na dirisha. Wamekuja kuitoboa na kuweka soketi, na mimi sikununa. Majarida sasa hayaji kwa posta, watu wanakaa pale wanasoma yaliyotoka leo leo. Ila ukipapasa chini ya ukingo utakuta vitundu vidogovidogo. Ni vya sindano zangu. Na Kaka Festo, ambaye siku hizi anaitwa Profesa na ana kitambi cha kumtosha, bado ananitumia mkungu kwa basi, na kila mara unafika umeiva sana.

Lakini nikiulizwa kazi hii ilinipa nini, nakumbuka siku moja tu, karibu na mwisho wangu kule. Tasnifu ya Festo ililetwa chumbani ijalidiwe. Shifu akanipa mimi sindano. Nilishona nyuzi zote peke yangu, yeye akakichukua kitita, akakifungua kulia, akanitazama kwa jicho moja, akakifungua kushoto, akakirudisha kwenye jiliwa. Bado hakina gundi, bado hakina jalada.

Mtu wa dirishani akachungulia mlangoni, ameshika kikaratasi. Kuna msichana wa mwaka wa kwanza hapo nje, akasema, kwao ni wakulima wa ndizi. Anauliza kama ile kazi ya Mwafrika ya migomba imeshafika. "Nimjibu hakuna, eti?"

Shifu Luo alikuwa ana uzi mdomoni. Nilikuwa naye muda wote ule na sikuwahi kumsikia akimjibu mtu wa dirishani ila neno moja tu, meiyou. Akautoa uzi. Akalegeza jiliwa.

"Ipo," akasema. "Mwambie anawe mikono."